Mji wa Waliochelewa Feri

Mtu akikwambia mji wetu ulianzishwa na mashujaa, mcheke mbele ya macho yake. Ulianzishwa na watu waliochelewa feri. Hakuna aliyekuja hapa kwa kupenda. Walikuja gatini mbio, jasho linawatiririka, wanataka kuvuka ziwa waende ng'ambo, wakaikuta feri imeshaondoka na abiria waliowahi wanawapungia mikono kwa kejeli. Wakakaa juu ya mizigo yao, wakasema haya, tutakwenda kesho, na wajukuu wao bado wako hapa wanauza sabuni.

Bibi mzaa mama alichelewa kwa sababu alirudi kufunga mlango ambao alikuwa ameshaufunga. Akawasha moto pale gatini, akachemsha chai yake, waliochelewa wenzake wakaomba, akawauzia. Kesho yake feri ilipokuja tayari alikuwa na wateja, akaona haya kuwaacha. Baadaye akasimamisha chumba cha mabanzi ili watu wasilale na mvua, kikazaa kingine, na kingine, ndiyo gesti ninayoiendesha mimi leo. Mwalimu wa kwanza naye alichelewa. Akaona watoto wa wasafiri wanacheza ukingoni mwa maji, roho ikamruka, akawakalisha chini na kuwafundisha kuhesabu magunia, shule ikaanza hivyo. Mkunga alichelewa siku moja na mwanamke aliyeshikwa na uchungu kwenye foleni ya tiketi, na hapo ikaanza zahanati. Likaja soko, zikaja nguzo za umeme, ukaja mnara wa simu, juzi juzi ikaja lami.

Sasa ingia nyumba yoyote ya mtaa wetu wa chini, ule wa gatini, utazame juu. Hakuna dari. Ukiuliza kwa nini, watakujibu, "Dari ya nini? Sisi tunapita tu." Viti vyetu vyote ni vya kukunja. Meza za soko letu zina magurudumu. Jirani yetu muuza mitumba tunamwita Mama Viatu kwa kuwa halali bila viatu miguuni, honi ya feri isije ikamkuta pekupeku, na mama huyo mimi nimezaliwa nimemkuta. Kuna pia mzee mmoja msokota kamba, tunamwita Turubai, maana paa lake ni hilo hilo. Ukimwambia aezeke bati anakukata jicho utadhani umemtukania mama yake. Hata mpapai hatupandi, eti nani atakuwepo kuula.

Na bingwa wa kupita katika mji mzima alikuwa baba yangu.

Baba ni kinyozi. Alifika gatini akiwa kijana, mashine ya kunyolea mfukoni, anakwenda ng'ambo kwa kaka yake aliyemwita wafungue kibanda pamoja. Mtu mmoja njiani akamwomba amnyoe haraka haraka, na haraka hiyo ndiyo ikamchelewesha. Akalala kwenye gesti ya bibi. Asubuhi akamwona mama yangu anaanika mashuka, na feri ya asubuhi hiyo sijui ilipita upande gani wa macho yake. Tangu hapo ananyoa wasafiri kwenye kibaraza chetu, kwa kuwa hakuna anayetaka kushuka ng'ambo na kichwa kama kichaka. Ana utaratibu wake. Honi ya kwanza ikilia anaacha mkasi na kushika mashine. Ya pili, anapangusa shingo na kupaka spiriti. Ya tatu, anakuvua shuka na kukusukuma mgongoni, umekwisha hujaisha, kimbia. Nasikia huko ng'ambo watu waliotokea kwetu hujulikana kwa vichwa vilivyonyolewa upande mmoja.

"Na wewe mzee, huvuki?" wateja humuuliza.

"Navuka. Ukimwona kaka yangu, mwambie niko njiani."

Baba mkubwa naye alikuwa akirudisha jibu lile lile kwa midomo ya abiria: mwambieni namsubiri. Nilikua nikizisikia salamu hizo zikienda na kurudi, nikadhani kila mtoto duniani ana baba mkubwa wa namna hiyo.

Basi mwaka huu tukatangaziwa kwamba tunapandishwa hadhi. Sasa sisi ni mji kamili, wenye halmashauri, mipaka na ramani, na ramani inataka viwanja vipimwe. Akatumwa mpimaji, kijana mpole mwenye kofia, nyuma yake mashahidi wawili na makopo mawili ya rangi. Kila nyumba anauliza swali moja: hapa unakaa au unapita? Anayekaa, ukuta wake unapakwa duara la kijani na kiwanja ni chake. Anayepita, ukuta unapigwa msalaba mwekundu, nyumba itabomolewa, pawe stendi ya mabasi.

Mtaa wa juu kuna watu waliokuja majuzi kufuata lami, wenye maduka ya simenti na nondo. Hao hata ziwa lenyewe hawajalizoea, wakiona samaki mzima wanashtuka. Wakajibu kwa kifua mbele, tunakaa, na mtaa mzima ukawa kijani kama bustani ya mchicha. Mtaa wa chini, Mungu wangu! Mtaa wa chini, wale wale walioujenga mji huu, mmoja baada ya mwingine wakamtazama yule kijana machoni, wakamwambia wanapita tu.

Mimi asubuhi hiyo nilikuwa sokoni kutafuta mashuka. Kurudi nakuta msalaba ukutani, mwekundu, unachuruzika, pembeni tu ya dirisha la chumba nilichozaliwa.

"Baba! Nani kapaka uchafu huu?"

"Kijana mmoja hivi, ana adabu kweli." Alikuwa anamnyoa mteja, wala hakugeuka. "Ameniuliza kama nakaa au napita."

"Ukamwambiaje?"

"Ningemwambiaje? Nikamwambia ukweli. Napita tu, nasubiri feri."

Mashuka yalinidondoka mikononi. Mteja akaniona uso, akaanza kujivua shuka la kunyolea mwenyewe, nusu kichwa bado.

Niseme wazi kwa nini damu ilinichemka vile. Nilikuwa naondoka. Shoga yangu niliyesoma naye ana hoteli ya ghorofa huko mji mkuu, ameniita nikasimamie vyumba, na mimi nafasi ile nilikuwa naiota nikiwa macho. Nimechoka kufua mashuka ya watu wanaokwenda mahali ambapo mimi siendi. Nimechoka kuamshwa na honi isiyoniita. Nilichokuwa nasubiri ni kitu kimoja: baba abaki chini ya paa ambalo hakuna wa kumtoa. Kijani ikipakwa, mimi huyo, sitazami nyuma. Sasa nyumba imekwenda kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi siwezi kumwacha mzee barabarani nikagawe funguo kwenye hoteli ya watu.

Nikamkimbilia mpimaji, nikamkuta kwa Turubai anapiga msalaba mwingine.

"Kaka yangu, futa ule msalaba. Yule mzee hajatoka mji huu tangu mimi sijazaliwa!"

"Dada, mimi nimeuliza, mzee amejibu mbele ya mashahidi. Siwezi kufuta maneno ya mtu mzima."

"Sasa tufanyeje?"

"Kuna siku ya pingamizi ukumbini. Aje mwenyewe, aseme mbele ya kamati, nakaa hapa. Maneno mawili tu, dada, tunapaka kijani." Akachovya brashi. "Ila anayesema anakaa, lazima akae kweli. Akihama, kiwanja kinarudi kwa mji. Hatutaki watu wa kushika nyumba halafu hao wametoweka."

"Atakaa," nikamwambia. "Huyo ataenda wapi tena?"

Maneno mawili. Niliona jambo jepesi. Jioni hiyo nikawakusanya majirani wote wa misalaba uani kwangu, nikawapanga kwenye viti vya kukunja, nikaanza kuwafundisha kusema wanakaa. Jamani! Utadhani nawafundisha kumeza wembe.

"Mama Viatu, anza wewe. Hapa unakaa au unapita?"

Mama Viatu akasimama, akakohoa, akashika kiuno. "Nakaa hapa," akasema, nikataka kumpigia makofi, akaongeza, "kwa sasa."

"Hakuna kwa sasa! Ukisema kwa sasa unalala stendi!"

"Mwanangu, usinipigie kelele, ulimi wenyewe hautaki. Nikisema hivyo naona kama nimejichimbia kaburi."

"Turubai."

"Nakaa hapa mpaka feri ije."

"Feri inakuja kila siku, mzee wangu!"

"Ndiyo maana," akasema Turubai, kwa unyenyekevu mkubwa.

Watu wakacheka mpaka viti vikajikunja nao. Nikacheka na mimi, ningefanya nini. Tukarudia, tukarudia, mpaka mtaa mzima ukawa unaimba maneno yale mawili kama watoto wa chekechea. Wote isipokuwa mmoja. Baba alikuwa kibarazani anasafisha mashine yake kwa kibrashi, anatusikia vizuri sana, na amenipa mgongo.

Siku iliyofuata, feri ya mchana ilipoondoka na wateja wake, nikamletea chai nikakaa kwenye kiti cha kunyolea.

"Baba, utasema?"

"Nitasema nini?"

"Unajua."

Akanywa chai taratibu. Baba akitaka kukuudhi hunywa chai taratibu. "Mimi nilimwambia kaka yangu niko njiani," akasema. "Sasa leo nisimame mbele ya watu niseme nakaa huku. Abiria watalisikia, kesho limefika ng'ambo. Yeye atakuwa alimsubiri nani maisha yake yote?"

"Lakini hukwenda, baba! Feri iko hapo, unaiona, unanusa moshi wake. Nani alikuzuia?"

"Nilitaka kwenda, mama yako akawa na mimba yako. Nikasema akijifungua. Akajifungua, ukapata surua. Nikasema apone huyu. Ukaanza shule. Kisha bibi yako akaanguka, kisha mama yako akaugua, na unajua aliugua vipi. Kila nikishika mlango, kuna mtu nyuma amenishika shati."

Maneno hayo yaliniingia vibaya. "Kwa hiyo ni sisi. Sisi ndio tuliokuharibia safari."

"Sijasema hivyo. Nimesema nilikuwa njiani."

"Na nyumba ikibomolewa?"

"Wewe una akili, utajua la kufanya."

Niliinuka. Nilimwambia ni mbinafsi, nikamwambia mama angekuwa hai angeona haya, maneno ambayo mtoto hatakiwi kumwambia mzazi, na yeye akaosha kikombe chake akakifunika juu ya trei. Siku zote zilizobaki tulipishana mlangoni kama wapangaji. Usingizi sikuupata. Nilikuwa nafunga mzigo, naufungua, naufunga tena. Nikifua shuka nalisahau kwenye beseni mpaka linavunda. Shoga yangu akipiga simu namwambia kesho, kesho, na nikishakata simu nazunguka uani nikitafuta kitu cha kugombana nacho. Hata kuku wa Mama Viatu walianza kunikwepa.

Siku ya pingamizi ikafika. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kamati ilikaa mbele, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mnene aliyekuwa mwalimu zamani. Akikuita unajikuta umeshasimama. Mpimaji alisimama pembeni na makopo yake. Baba alikuja. Alivaa shati lake jeupe, akakaa safu ya mbele, nikasema moyoni, asante Mungu, ameona mantiki.

Mama Viatu aliitwa kwanza. "Unakaa au unapita?"

Akavuta pumzi ndefu. "Nakaa hapa," akasema, akasubiri kama anayesikilizia paa litaanguka. Halikuanguka. Akarudi kiti chake machozi yanamtoka, akainama, akafungua kamba za viatu, akavivua pale pale mbele ya kamati. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtoto mchanga.

Akaitwa Turubai. "Nakaa hapa mpaka," akasema, nikakohoa kwa nguvu nikiwa nyuma yake. Akatafuta dari kwa macho. "Mpaka basi!"

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko, mwenyekiti mwenyewe akafunika mdomo, na Turubai akapata kijani yake. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wanasema huku wameshika roho zao. Kisha likaitwa jina la baba.

Alisimama, akatoa kofia.

"Mzee wangu," mwenyekiti akasema kwa upole, maana nusu ya kamati ilinyolewa na baba, "hapa unakaa au unapita?"

Nilikuwa nimeshika kingo za kiti changu. Nilisema maneno yale kimya kimya kumsaidia, midomo inacheza.

"Mheshimiwa," baba akasema, "mimi napita."

Lo! Zogo lililotokea! Mama Viatu akapiga yowe. Baba akanyoosha mkono watu wanyamaze, kama anavyofanya mteja akitikisa kichwa.

"Lakini nyumba ile haijawahi kuwa ya mpita njia. Aliijenga mama mkwe wangu. Akamwachia mke wangu, na mke wangu alipokuwa anakufa hakuniachia mimi, alimwachia mwanawe. Mimi nilikuwa mgeni wao, nimekawia tu. Huyu mpimaji alimuuliza mgeni. Muulizeni mwenye nyumba." Akanigeukia, akaninyooshea kidole mbele ya mji mzima. "Yule pale."

Kamati wakanong'onezana. Mwenyekiti akamuuliza mpimaji, mpimaji akaitikia kwa kichwa. Kisha yule mama akanitazama juu ya miwani yake.

"Binti, simama. Hapa unakaa au unapita?"

Nikasimama. Nilikuwa nimefundisha mtaa mzima maneno yale, nimeyasema mara ngapi sijui, na sasa hayakuwepo. Nilikuwa naona ngazi za hoteli ya shoga yangu, na kaunta yenye maua. Nilikuwa namsikia mpimaji: lazima akae kweli. Nikisema, nimebaki. Nisiposema, kibaraza, uani, chumba cha mama, vyote vinakuwa mahali pa kugeuzia mabasi, na mzee huyu aliyeniuza mchana kweupe anabaki bila pa kuweka kichwa. Nikamtazama baba. Alikuwa anapangusa miwani yake kwa ncha ya shati. Hakunitazama.

Nyuma yangu mtaa wa chini wakaanza kuninong'oneza, taratibu, kama nilivyowanong'oneza mimi uani. Nakaa hapa. Nakaa hapa. Turubai ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote.

"Nakaa hapa," nikasema.

"Sijasikia."

"Nakaa hapa!" Nilifoka, mwenyekiti akarudi nyuma kitini kwake.

Jioni hiyo hiyo kijani ilipakwa juu ya msalaba. Majirani wakaja kunipongeza, wakanishika mikono, wananiita mwenye nyumba, na mimi nacheka kama mwendawazimu. Walipotawanyika nikamkuta baba kibarazani anakunja shuka lake la kunyolea, pembe kwa pembe.

"Ulijua kwamba nilikuwa naondoka," nikamwambia.

"Nilijua. Shoga yako alimtuma mteja wangu mmoja na salamu zako. Nikasahau kuzifikisha."

"Ulisahau!"

"Basi, sikutaka kuzifikisha." Akaweka shuka chini. "Ningesema nakaa, wewe ungeondoka kesho yake, mimi ningebaki na vyumba vya watu niliowazika, nafua mashuka. Kaka yangu ni mzee kuliko mimi. Mmoja wetu ilibidi abaki, mwanangu. Na kwenye foleni hii, mimi nilikuwa mbele yako."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono uliinuka kidogo wenyewe. Badala yake nikalia, kwa sauti, bila aibu, na yeye akasimama pale akinipapasa bega kama anayetoa nywele zilizobaki kwenye shingo ya mteja.

Kesho yake hakusubiri honi hata moja. Watu wa feri walipofika kufungua lango walimkuta ameshasimama pale, peke yake, wa kwanza kabisa, kichwa amekinyoa mwenyewe. Nilimpelekea chupa ya chai. Akaipokea, akaniambia bomba la uani linavuja, nimwite fundi. Nikamwambia nimesikia. Feri ilipogeuka akanipungia mkono kutoka nyuma, na mimi sikumpungia, nilikuwa nimekasirika bado. Ilipokuwa mbali kiasi cha yeye kutoniona ndipo nikapunga, nikapunga mpaka mkono ukauma.

Wateja walikuja kumuulizia. Nikiwaambia amevuka, wananicheka, wanadhani namficha. Turubai alikwenda kuangalia chumbani kwa macho yake, akarudi, na wiki ile ile akanunua mabati. Mama Viatu alinunua ndala. Mtaa wa chini wote ukashikwa na wazimu wa kugongelea misumari, dari zinapanda, mtu anapanda mpapai huku anacheka peke yake. Mimi tu ndiye niliyekuwa natembea huku na huku. Nilihamisha vitanda kutoka chumba hiki kwenda kile, kesho yake nikavirudisha. Nilizipiga deki sakafu zilizokuwa safi. Shoga yangu alipata mwingine wa kusimamia vyumba, akaniambia kwa ujumbe mfupi wenye picha ya ua.

Halafu siku moja mchana akashuka mfanyabiashara mmoja wa nyavu kutoka ng'ambo, akaja kuomba chumba. Nikamwona kichwa. Kimenyolewa safi, pande zote mbili, shingo imechongwa kwa ule mkato wa mviringo ambao mji mzima anaujua mtu mmoja tu.

"Kaka," nikasema, "umenyolewa wapi?"

"Gatini kule kwetu. Kuna wazee wawili kwenye kibanda kimoja, ndugu hao, wanagombana siku nzima nani ashike mashine. Yule mkubwa haoni vizuri, mikono inamtetemeka, basi mdogo anamshika kiwiko, wananyoa hivyo hivyo wawili. Unaogopa lakini unatoka umependeza." Akajipapasa kisogo. "Mcheshi kweli yule mdogo. Sikuwahi kumwona pale zamani, nikamuuliza, mzee, wewe ni mwenyeji hapa? Akaniambia hapana, mimi nakaa ng'ambo."

"Amesemaje?"

"Anakaa ng'ambo. Yaani huku."

"Rudia kama alivyosema yeye. Alisema nini hasa?"

Mtu wa watu akashangaa, akaweka begi chini. "Alisema, mimi nakaa ng'ambo, nina nyumba kule, huku nimekuja kwa kaka yangu kidogo tu. Na wote waliokuwa kwenye benchi wakacheka, inaonekana huwaambia kila siku."

Nikakaa chini, pale pale kwenye ngazi ya kibaraza. Kumbe aliyaweza! Ulimi wake uliyaweza maneno yale, tena kila siku, tena mbele ya watu asiowajua, wenye nyavu na magunia, huku mimi nilimwomba mara moja tu ayaseme ukumbini akakataa. Angeyasema siku ile, leo mimi ningekuwa ghorofani nimevaa viatu vya kisigino. Nilicheka, na huko kucheka kukageuka kilio, na hicho kilio kilikuwa na furaha ndani yake. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Nilifurahi kama mtoto kusikia baba yangu anakaa kwetu.

"Dada, nimesema vibaya?"

"Hapana, kaka. Unarudi lini kwenu?"

"Keshokutwa, Mungu akipenda."

"Ukifika, nenda pale kibandani. Mwambie yule mdogo, mwanao anasema hivi: kama unakaa huku, njoo ukae. Nyumba inataka mtu. Zamu yangu ya kuondoka imefika."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na usiongeze chumvi."

Akaahidi. Nikampa ufunguo wa chumba cha mbele, nikamwonyesha bafu lilipo, nikarudi uani kuanika mashuka. Niliyabana kwa hasira hata vibanio vikawa vinanidondoka, ikabidi niviokote kimoja kimoja kwenye maji ya bomba, kwa kuwa fundi sikuwa nimemwita.